Mvua iliyoniozeshea zabibu Mpunguzi, na mama aliyenifundisha kushukuru upya

Mpogoaji (mtoa mada)

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Wale wa Tumsifu Yesu Kristo nanyi karibuni, na wale mnaopita tu kusoma bila dini yoyote, viti vipo.

Nianze kwa kukiri. Hiyo salamu niliyowapa nimekuwa nikiitoa tangu niko shule ya msingi. Nikipokea simu, nikipanda daladala ya Sabasaba, nikifika dukani kwa Mangi. "Bwana Yesu asifiwe," halafu bila hata kuvuta pumzi, "ile hela yangu vipi?" Imeshakuwa kama hodi. Mtu hagongi mlango kwa sababu anaupenda mlango, anagonga afunguliwe. Mimi nilimsifu Mungu hivyo kwa miaka zaidi ya thelathini.

Sasa kisa. Nina shamba la zabibu, ekari moja na nusu, huko Mpunguzi njia ya Iringa. Kusema kweli ni la mama, mimi nimeachiwa nilitunze tangu magoti yake yalipoanza kugoma. Wanaozijua zabibu watanielewa haraka: hapa Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na yale mavuno yanayoangukia kipindi cha mvua ndiyo ya roho mkononi. Ukikosea siku za kupogoa, matunda yanaiva mbingu bado haijafunga. Punje ikishajaa sukari halafu ikanyeshewa siku mbili tatu mfululizo, inapasuka. Nyigu wanafika kabla yako, ukungu unafuata. Na mnunuzi anakuja na kifaa chake cha kupima sukari, sukari ikishuka na bei inashuka, au anageuza gari.

Mwaka huu nilichelewa kupogoa. Hilo ni kosa langu, simsingizii mtu. Mnunuzi aliyeniahidi kuleta kreti Jumatatu akaanza kutopokea simu, hilo ni lake. Mvua ikanyesha Jumatano usiku, Alhamisi ikashinda, Ijumaa ikamalizia. Jumamosi asubuhi nikaenda na mama, amekataa katakata kubaki nyumbani.

Harufu tuliipata tukiwa bado barabarani. Ile harufu ya zabibu zilizoanza kuchacha, tamu lakini ya kukera. Vichala vyekundu vilikuwa vinaning'inia vizuri tu ukiviona kwa mbali, ukisogea unakuta punje zimechanika kama midomo wakati wa kipupwe. Nikakaa chini kwenye matope na suruali ya ofisini. Nikasema kwa sauti, mbele ya mama yangu mzazi, "Huyu Mungu ananitakia nini?"

Nilitegemea nikemewe. Mama hakusema kitu. Alikata kichala kimoja, akakinusa, akaanza kutoa punje moja moja: mbovu chini, nzima kwenye ndoo. Mbovu chini, mbovu chini, nzima kwenye ndoo. Amefika kichala cha tatu au cha nne ndipo akauliza, "Lile shamba ng'ambo ya korongo ni la nani?"

Nikamwambia, la mjomba.

"Amepanda nini?"

Uwele.

"Wiki iliyopita ulikuwaje?"

Nilijua ulivyokuwa. Majani yamejikunja kama tumbaku, masuke yametoka lakini hayana kitu ndani. Mjomba alishaanza kuulizia bei ya mahindi ya Kibaigwa, na mkulima akianza kuulizia bei ya chakula mwezi wa tatu, hiyo ni aibu yake. Nikatazama ng'ambo. Uwele umesimama wima, kijani mpaka macho yanauma.

Mama akasema, "Basi anza kwa kumshukuru Mungu kwa uwele wa mjomba wako. Ya kwako utalia baadaye, muda upo."

Wakuu, nilikasirika. Nilikasirika mpaka tukafika nyumbani. Lakini lile neno limekaa kifuani kama mwiba wa mgunga mpaka leo, na ndilo limenifanya niandike. Kwa sababu niligundua shukrani yangu yote, miaka yote, ilikuwa na mipaka ya shamba langu. Mvua ikininyeshea vizuri, Mungu mwema. Ikininyeshea vibaya, Mungu ananitakia nini. Sikuwahi hata siku moja kutazama ng'ambo ya korongo.

Halafu nikakumbuka kitu cha utotoni ambacho tulikuwa tunakiona kero. Kila usiku kabla ya kulala, kibatari kikiwa kinakaribia kuzimwa, mama alikuwa anatuketisha watoto wote. Vidole kumi. Kila kidole shukrani moja, tunapokezana. Na sheria ilikuwa moja tu: usirudie la jana. Mdogo wangu alijaribu "asante kwa mlenda" siku tatu mfululizo, ya tatu akarudishwa: "Huo ulishashukuriwa. Tafuta kingine." Akafikiri wee, akasema, "Asante leo mbwa wa jirani alikuwa amefungwa." Mama akakikubali hicho kidole kwa heshima zote.

Tulidhani ni mchezo wa kutulaza mapema. Ukijua usiku utaulizwa, mchana unaanza kutafuta. Unatembea ukikusanya. Leo nakumbuka yule mbwa kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia.

Nimeurudisha mchezo huo nyumbani kwangu Ipagala na watoto wangu. Nimeongeza sheria moja ya Mpunguzi: katika kumi, angalau viwili viwe vya mtu mwingine. Siku ya kwanza walikwama kwenye kidole cha nne. Mimi nilikwama kwenye cha sita, mtu mzima na mshahara wangu.

Swali langu kwenu: nyie mnafanyaje? Sizungumzii kipindi cha sifa cha Jumapili, kile cha kinanda na spika kubwa kuliko madhabahu. Nacho nakipenda, nacheza. Nazungumzia Jumanne. Jumanne saa nane mchana, upepo wa Dodoma umekujaza vumbi machoni, maji hayajatoka na bosi amekusema mbele za watu. Hapo mnamsifuje?

---

Msela wa Nkuhungu

Mkuu uzi mzuri, ila samahani, hii naiona ni kujifariji. Zabibu zimeoza, mnunuzi kakukimbia, halafu unashukuru kwa uwele wa mtu mwingine? Mjomba atakugawia huo uwele? Kaa chini piga hesabu ya hasara, tafuta mnunuzi mwingine, pogoa kwa wakati. Mungu muache apumzike.

Pili, swali la uchokozi. Hizo zabibu si zinakwenda kuwa mvinyo? Kwa hiyo ulikuwa unasikitikia pombe. Nimekaa pale.

---

Mpogoaji (mtoa mada)

Msela, umenichekesha. Nianze na uchokozi: Zaburi 104 mstari wa 15 inaitaja divai imfurahishayo mtu moyo wake, katika orodha moja na mafuta na mkate. Kanisani kwetu huo mstari tunausoma haraka haraka.

Kuhusu kujifariji. Hesabu ya hasara nimepiga, ninayo kwenye simu, inatisha. Kupogoa nitapogoa kwa wakati. Lakini soma Habakuki 3 mwishoni uone kama yule ni mtu anayejidanganya. Anataja mtini, mizabibu, mzeituni, mashamba, zizi la kondoo, banda la ng'ombe. Vitu sita, vyote hakuna. Ni kama mtu amepita Mpunguzi akaenda mpaka mnada wa mifugo wa Msalato akakuta pakavu. Hajaficha hata kimoja. Ndipo anasema atamfurahia Bwana hivyo hivyo. Anayejifariji huwa anapunguza hasara kwanza, huyu ameisoma yote kama karani wa ghala.

Mimi sijafika alipofika Habakuki. Nimeishia kwa mjomba.

---

Katekista Mstaafu

Bwana asifiwe kijana. Umenigusa pazuri, nami nina maneno mawili matatu, mnivumilie, mzee akipewa nafasi hakumbuki saa.

La kwanza. Wazee wetu Wagogo walizipa njaa majina. Ile kubwa iliyokuja na vita ya kwanza ya dunia, 1918 kuelekea 1920, iliitwa Mtunya, na babu yangu aliisimulia kana kwamba bado yumo ndani yake. Nchi yetu hii ina msimu mmoja tu wa mvua, ukikosa umekosa mpaka mwaka mwingine, kwa hiyo siwalaumu kwa kukumbuka njaa. Lakini nilipokuwa kijana nilimuuliza babu: na mwaka wa ghala kujaa unaitwaje? Akanitazama tu. Kwake haukuwa na jina. Tulikula, basi.

Tangu hapo nikawa naipa majina miaka ya neema. Nina mwaka wa Karanga. Nina mwaka wa Mama Kupona. Wanangu wananicheka, lakini mjukuu mmoja juzi aliniuliza yeye alizaliwa mwaka wa nini.

La pili, Zaburi 136. Watu wanaona inachosha, mistari 26 na kila mmoja unaishia "kwa maana fadhili zake ni za milele". Angalieni ile nusu ya kwanza ya kila mstari. Anataja jua, anataja mwezi, anataja Bahari ya Shamu, anataja mpaka Sihoni mfalme wa Waamori na Ogu mfalme wa Bashani. Majina kamili! Angeweza kusema "asante kwa yote" akaenda kulala. Mama yako na vidole vyake alikuwa anaimba Zaburi 136 bila kujua, au labda anajua sana.

La tatu ni la mnada. Wengine wa mjini hamuujui vizuri. Kwetu vijijini sikukuu ya mavuno watu wanaleta debe la mtama, kuku, maboga, mayai kwenye kitenge. Baada ya ibada vinanadiwa pale nje, fedha inaingia kanisani. Niliwahi kuona kuku mmoja ameletwa na bibi mjane, jogoo mwembamba wa kuonea huruma. Akanunuliwa elfu kumi na mbili. Aliyemnunua akasema, "Narudisha, anadiwe tena." Akanunuliwa elfu ishirini, akarudishwa. Yule jogoo aliuzwa mara tano, akafika zaidi ya elfu themanini kwa jumla, na wa mwisho kumnunua akamrudishia bibi akafuge. Wanawake wakapiga ngoma ya muheme mpaka vumbi likaziba jua. Jogoo mwenyewe alikuwa amechoka kushikwa miguu.

---

Chimwaga_Hosteli

Shikamoo mzee Katekista.

Mimi mwanafunzi tu, naomba kuchokonoa Maandiko. Watu wananukuu 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo". Tulipofundishwa kwenye ushirika wa wanafunzi tuliambiwa Kigiriki chake kinasema zaidi "katika kila jambo". Maana yake, ndani ya hali yoyote usiache kushukuru. Haimaanishi uishukuru hali yenyewe. Kwa hiyo mtoa mada hakutakiwa kushukuru kwa zabibu kuoza, alitakiwa kushukuru zikiwa zimeoza. Ni vitu viwili.

Tatizo langu ni Waefeso 5:20, pale Paulo anasema kushukuru "kwa mambo yote". Pale ile njia ya kutokea imefungwa. Wakubwa mnasemaje?

---

MamaWawili_Chamwino

Habari zenu. Huwa sichangii, nasoma tu.

Nilimzika mtoto wangu wa kwanza, sasa ni mwaka wa pili. Watu walikuja msibani, wamenisaidia sana, wamechota maji, wamepika, Mungu awabariki. Lakini mmoja alinishika mkono akaniambia "mshukuru Mungu, amempenda zaidi." Mwingine akanisomea lile la Ayubu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Sikuwajibu. Nilitamani watoke nje.

Mpaka leo kipindi cha sifa kikianza kanisani natoka kwenda kumbembeleza mtoto wangu mdogo hata kama halii. Mdogo wangu, ambaye haendi kanisani kabisa, yeye alikaa na mimi jikoni siku tisa akimenya vitunguu na hakusema neno la dini hata moja.

Sasa nyie wa shukrani, mimi mnaniweka wapi?

---

Mpogoaji (mtoa mada)

Dada, pole. Pole sana. Nimeandika jibu refu nikalifuta mara mbili. Nilipoandika juu ya zabibu sikuwa na mtu kama wewe kichwani, na sitaki zabibu zangu ziwe funzo la mtoto wako.

Neno moja tu la mama yangu nilipita juu yake haraka: "ya kwako utalia baadaye, muda upo." Hakuniambia nisilie.

---

Katekista Mstaafu

Mama, nimezika wengi na nimesema maneno mengi ya kijinga msibani, mengine nikiwa nimevaa kanzu ya kanisa. Nikuombe radhi kwa niaba yetu.

Lile neno la Ayubu ni lake mwenyewe. Aliyesema "jina la Bwana libarikiwe" ni yule aliyepoteza watoto. Hakuna jirani aliyemwambia aseme. Rafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, kimya, kwa sababu waliona huzuni yake ni kubwa. Hilo walilifanya vema. Walianza kukosea walipofungua midomo. Mdogo wako na vitunguu vyake amewazidi.

Na katika kitabu hicho cha Zaburi, ambacho Wayahudi wanakiita kwa jina lenye maana ya "sifa", imo ya 88. Inaanza kwa kulia na inaishia gizani. Haina "walakini". Haina haleluya mwishoni. Waliokusanya kitabu hawakuitoa. Toka nje na mtoto kadiri unavyotaka, hiyo Zaburi inasimama nawe hapo mlangoni.

---

Kona ya Makole

Tumsifu Yesu Kristo. Mkatoliki hapa.

Nijibu swali la Jumanne. Neno Ekaristi limetoka Kigiriki, maana yake shukrani. Kwa hiyo sisi Misa nzima jina lake ni "asante". Nililijua hilo tangu katekisimu ya Komunyo ya kwanza, halikuwahi kunifanya kitu. Kilichonifanya kitu ni mwaka juzi, padri aliposoma 1 Wakorintho 11 polepole: usiku ule aliotolewa, alitwaa mkate, akashukuru, akaumega. Usiku ule ule. Aliyemuuza anatoka mezani, na yeye anashukuru kwa mkate.

Sijui kama hilo linajibu Waefeso 5:20 ya kijana wa Chimwaga. Ila mimi nauza mgahawani, na sasa kila nikimega chapati ya kwanza asubuhi kuonja kama imeiva, nasema asante pale pale kabla mdaiwa wa jana hajaingia. Sekunde tatu. Siku nyingine nasahau mpaka chapati ya arobaini.

Na wewe MamaWawili, Bikira Maria mwenyewe alisimama chini ya msalaba, na Injili haijaandika kwamba aliimba.

---

Mrangi_wa_Bereko

Asalaam aleikum wakuu. Mimi Muislamu wa Kondoa, nimeingia kwa sababu ya zabibu nikabaki kwa sababu ya bibi.

Kwetu ukimuuliza mtu hali, hata nyumba iwe imeezuliwa na upepo, atakwambia "Alhamdulillah" kwanza ndipo aanze kueleza mabati yalipoangukia. Nalo linaweza kuwa hodi kama mtoa mada alivyosema, ugonjwa ni mmoja. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na dawa yake: baada ya kula ukisema Alhamdulillah, unamtaja na aliyepika. Na kama ni nyama, aliyechinja. Na kama ni mboga ya kununua, aliyeiuza. Chakula cha watu wanane kilikuwa kinachukua dakika tano kumalizwa midomoni baada ya kuisha kwenye sinia.

Mama yako ningependa akutane naye, ila wangelumbana nani aanze.

---

Msela wa Nkuhungu

Haya, nimesoma yote. Mambo ya Mungu bado sina maoni. Lakini leo saa saba mchana abiria wangu wa bodaboda alishuka Area D, akanipa hela kamili, akasema "umeendesha vizuri, asante." Miaka sita barabarani, hilo "umeendesha vizuri" sikumbuki kulisikia. Nikajikuta namtazama mpaka anaingia getini. Sasa sijui hicho ni kidole cha nani, changu au chake.

---

Mpogoaji (mtoa mada)

Msela, usiku nitakitaja, ila nitasema ni cha Nkuhungu.

Chimwaga, Waefeso 5:20 sijaiweza. Nimemuuliza mama, akasema, "Mwambie ameze zile anazoweza kumeza kwanza."

Mrejesho kwa walioniuliza pembeni: zile punje nzima tulizochambua zilijaza ndoo nne. Mbili tumezianika juu ya kichanja, tumezifunika chandarua zisiliwe na nyigu, zimekauka vizuri. Mbili alipelekewa mjomba, ambaye hakuelewa kwa nini anapewa zabibu na mtu aliyepata hasara, na mama hakumweleza.

---

MamaWawili_Chamwino

Asanteni. Mzee, nimeisoma ya 88 jana usiku. Niliisoma mara mbili.

Mtoa mada, hizo kavu zimebaki? Jumamosi nakuja mjini kwenye soko la Majengo, nataka kilo moja. Mdogo anazipenda.

---

Mpogoaji (mtoa mada)

Zipo dada. Nitakupimia mwenyewe. Ukifika upande wa wauza karanga nijulishe humu, mimi na mama tutakuwa hapo kuanzia saa tatu, yeye ndiye mwenye mzani.